Mpira wa Mkojo na Amana ya Muuguzi

Mtu aliyezibwa na mkojo hapati kikao wala ulalo. Kibofu chake, ambacho kwa desturi kikishafika mililita 400 au 500 humwashiria mwenyewe kwa upole kwamba wakati wa haja umewadia, hufura chini ya kitovu hata kikaonekana kwa macho na kupapaswa kwa mkono, na pengine hukusanya lita nzima au zaidi. Jasho humtiririka, huketi akasimama, husimama akaketi, na kila akijikaza hutoka matone tu au kisitoke kitu. Aghalabu huyu ni mwanamume mtu mzima ambaye tezi dume yake, ile iliyoizunguka njia ya mkojo pale inapoanzia chini ya kibofu, imekua pamoja na umri wake hata ikaibana njia yenyewe. Afikapo hospitali, faraja yake haimo katika kidonge wala sindano, bali imo katika mpira mwembamba na katika mikono ya yule atakayeupitisha.

Lakini mpira huo huo, uliomtoa mzee katika adha kubwa kwa muda wa dakika chache, waweza kumtia katika maradhi mazito kuliko yale ya kwanza, ikiwa utapitishwa kwa mkono usio safi, au kwa nguvu, au utaachwa mahali pake baada ya haja yake kwisha. Kibofu cha mtu mwenye siha kina ulinzi wake, kwa kuwa mkojo upitao kwa kasi huiosha njia, na njia ikishapitisha hujifunga. Ilhali mpira huuacha mlango huo wazi usiku na mchana, na juu ya mwili wake, ndani na nje, bakteria hupata pa kushika, wakajijengea utando ambao dawa haziupenyi kwa wepesi. Imejulikana kwamba kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa bakteria kuonekana katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na ukifika mwezi ni nadra kumkuta mgonjwa ambaye mkojo wake hauna kitu. Si wote hao waumwao, na hilo tutalirudia; walakini wamo wanaopandwa na homa, wamo wanaodhurika figo, na wamo ambao maambukizi huenea katika damu yao na kuhatarisha uhai. Kwa hiyo mimi naona kwamba usalama wa kazi hii hautegemei ule ustadi wa kupitisha mpira peke yake, ambao kila muuguzi hufundishwa chuoni, bali wategemea zaidi maswali mawili ambayo huulizwa kwa nadra: je, mpira huu wahitajika kuwekwa? Na ukishawekwa, je, leo ungali wahitajika?

Faraja hii wanadamu wameitafuta tangu kale. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, ilikutwa mirija ya shaba iliyotumiwa kwa kazi hii hii. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Andalusi, aliandika habari za mrija wa fedha. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishauri katika kitabu chake kikubwa cha tiba kwamba ulio bora ni ule ulio laini na mwepesi kupindika, akataja mirija iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama. Rai yake hiyo haijatanguka hata leo. Katika karne ya kumi na tisa Mfaransa Nélaton alileta mrija wa mpira, na Charrière, fundi wa vyombo vya matabibu mjini Paris, akaweka kipimo ambacho wauguzi wa dunia nzima hukitumia mpaka sasa, yaani namba moja ni theluthi ya milimita ya kipenyo, hata ikawa mpira wa namba 16 una kipenyo cha milimita tano na theluthi. Lililobaki lilikuwa ni jinsi ya kuuzuia mpira usichomoke, kwani zamani ulifungwa mwilini kwa nyuzi na plasta. Ndipo katika miaka ya 1930 Frederic Foley, daktari wa Marekani, akauvumisha mpira wenye puto dogo karibu na ncha yake, ambalo hujazwa maji likiwa ndani ya kibofu, likawa kama nanga iliyoshika sakafu ya bahari. Huo ndio mpira unaouona leo ukining'inia kando ya vitanda vya wodi zetu, wenye mikia miwili, mmoja wa kupitisha mkojo na mmoja wa kujazia puto.

Basi na tuanze na swali la kwanza, la kuhitajika. Mkojo ukiziba, haja iko wazi. Hali kadhalika mgonjwa aliye mahututi, ambaye matabibu wanataka kujua kila saa figo zake zinatoa kiasi gani, kwani mtu mzima anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa anatoa ishara ya hatari. Hali kadhalika mama anayekwenda kupasuliwa ili azae, ili kibofu kiwe kitupu na kisije kikakutana na kisu. Na mgonjwa asiyeuzuia mkojo, mwenye kidonda kikubwa cha mgongoni au makalioni ambacho hakiwezi kupona kikirowana kila siku. Na mtu aliye katika siku zake za mwisho, ambaye kumgeuzageuza ni kumtesa.

Wako pia akina mama ambao kwao mpira si wa kupunguza taabu tu, bali ni wa kuwaokoa na balaa la maisha. Mama ambaye uchungu wake umechukua siku mbili kwa sababu mtoto hapiti, kichwa cha mtoto hukigandamiza kibofu chake kwenye mfupa wa nyonga muda wote huo, damu isifike katika nyama ile, na baada ya siku kadhaa nyama iliyokufa hunyofoka na kuacha tundu baina ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula, ambayo humfanya mama avuje mkojo pasipo kukoma, na ambayo waume wengine wamewaachia wake zao, na majirani wakawatenga. Mpira uliowekwa mapema baada ya uzazi wa namna hiyo, ukaachwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi ili kibofu kisijae na kuivuta nyama iliyoumia, umewazuilia wanawake wengi fistula, na hata tundu dogo lililokwisha kutokea waweza kuliacha lijifunge lenyewe. Katika hospitali zinazotibu fistula, kama ile ya CCBRT jijini Dar es Salaam, mpira huwa sehemu ya tiba yenyewe baada ya upasuaji, na muuguzi anayeulinda usizibe wala usikunjike usiku kucha anailinda kazi yote ya mpasuaji, kwa sababu kibofu kikijaa hata mara moja tu, mshono waweza kuachana.

Lakini kuna mipira inayowekwa pasipo haja. Mzee aliyepatwa na kiharusi amelowesha shuka mara mbili tangu asubuhi, wodi ina wagonjwa arobaini na wauguzi wawili, na mtu akasema, na awekewe mpira tupumzike. Silaumu uchovu wa wauguzi, kwani naujua uchache wao na wingi wa kazi zao. Lakini shuka iliyolowa huanikwa ikakauka, ilhali maambukizi yaliyoingia katika figo za mzee huyo hayaanikiki. Ziko njia nyingine: kumpelekea chupa ya mkojo au kumsaidia kufika chooni kila baada ya saa mbili au tatu kabla hajalowa, kumvika nepi ya watu wazima, au kwa mwanamume, kumvisha mfuko wa nje uliofanana na kondomu wenye mrija wake. Jamaa za mgonjwa, ambao katika hospitali zetu huwa kando ya kitanda kila siku, wakifundishwa kazi hii huifanya kwa moyo, na wodi nyingi hazijawaomba.

Haja ikithibiti, kinachofuata ni idhini na sitara. Hapana mtu, awe mzee au kijana, anayefunuliwa tupu yake mbele ya mgeni asione haya. Na haya hiyo ikidharauliwa mwili hujikaza, na mwili uliojikaza haupitishi mpira. Muuguzi anayesema, "Shikamoo babu, mimi ndiye nitakayekuhudumia, nakusudia kukupitishia mpira ili mkojo utoke, utasikia kama kuwashwa kidogo, na ukitaka nisimame niambie," kisha akavuta pazia, akawatoa nje wasiohusika, akamfunika asiachie wazi ila pale panapohitajika, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Mama akitaka ahudumiwe na muuguzi wa kike, naye akawapo, ni haki yake. Katika mazungumzo hayo hayo muuguzi huuliza kama mgonjwa hudhurika na vitu vya mpira, yaani lateksi, ili achukue ule wa silikoni. Kama amewahi kuwekewa na ikawa shida. Kama anakunywa dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Na aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au kugongwa na gari, akaonekana na damu kwenye tundu la mkojo, huyo asiguswe na mpira hata kidogo mpaka daktari amwone, kwa maana yamkini njia imekatika, na mpira utakwenda kuipasua zaidi.

Vyombo hutayarishwa vyote kabla, juu ya trei iliyotandikwa kitambaa kilichotakaswa, kwa sababu muuguzi aliyekwisha kuvaa glavu safi kisha akakumbuka kwamba hakuchukua jeli hawezi kufungua kabati pasipo kuichafua mikono yake. Mpira huchaguliwa ule mwembamba kuliko yote unaotosha kupitisha mkojo: namba 12 au 14 kwa wanawake, 14 au 16 kwa wanaume. Wako wanaodhani kwamba mnene ndio mzuri kwa kuwa hauzibi. Kwa kweli mnene huisugua njia, na puto kubwa huikera shingo ya kibofu, na mkojo huvuja pembeni vile vile. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Glavu za kwanza ni za kumsafisha mgonjwa, kisha hutupwa, mikono husafishwa tena, ndipo huvaliwa zile zilizotakaswa.

Kwa mwanamke njia ni fupi, kiasi cha sentimita nne tu, na shida yake si urefu bali ni kuliona tundu lenyewe, hasa kwa mama aliyetoka kuzaa ambaye amevimba. Muuguzi huyaachanisha mashavu ya uke kwa mkono mmoja, na tangu hapo mkono huo haugusi tena kitu kilichotakaswa wala haubanduki mpaka kazi iishe. Kwa mkono wa pili hupangusa kutoka mbele kwenda nyuma, pamba moja kwa mpanguso mmoja. Mpira huingizwa taratibu mpaka mkojo utoke, kisha husogezwa mbele sentimita tatu au nne zaidi, ndipo puto hujazwa. Ikiwa kwa bahati mbaya umeingia ukeni, hautolewi papo hapo: huachwa pale pale uwe alama ya mahali pasipo, ukachukuliwa mwingine mpya, wala ule wa kwanza haufai tena kujaribiwa juu.

Kwa mwanamume njia ni ndefu, sentimita 20 hivi, nayo ina pindo, na karibu na kibofu imezungukwa na tezi. Kwa hiyo uume husimamishwa wima ili pindo linyooke, na kabla ya mpira hutiwa jeli ya ganzi ndani ya njia yenyewe, kiasi cha mililita 10 au zaidi, kisha husubiriwa dakika tatu hadi tano. Dakika hizi ndizo zinazoibwa kuliko zote. Muuguzi mwenye haraka hutia jeli akaingiza mpira papo hapo, na jeli ikawa ni ya kutelezesha tu, ganzi isifanye kazi, na mgonjwa akaruka. Mpira ukikutana na ukinzani penye tezi, dawa yake si nguvu: ni kutulia, kumwambia mgonjwa avute pumzi ndefu na kujaribu kama anayekojoa, na kuendelea kwa mkazo mdogo usiobadilika. Ukikataa baada ya hapo, muuguzi husimama akamwita aliye na ujuzi zaidi. Kusimama huko si aibu wala upungufu, bali ni katika ustadi, kwani njia iliyotobolewa leo hupona kwa kovu, na kovu hilo huibana njia kwa miaka iliyobaki.

Lipo jambo moja ambalo laiti kila mwanafunzi wa uuguzi angelishika kuliko mengine yote. Mpira wa mwanamume huingizwa wote, mpaka pale mikia miwili inapoachana, na puto halijazwi mpaka mkojo umeonekana ukitoka. Mtu akiona matone mawili akafurahi, akajaza puto ilhali ncha ingali katika njia, puto hilo huipasua nyama kutoka ndani, ikatoka damu isiyozuilika kwa urahisi. Jeli huweza kuliziba tundu la mpira kwa kitambo, basi na asubiri. Puto hujazwa maji yaliyotakaswa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira, aghalabu mililita 10. Halijazwi hewa, kwa kuwa hewa huelea, wala maji ya chumvi, ambayo chembe zake zaweza kuganda na kuziba kijia cha puto siku ya kulitoa. Mgonjwa akilalama maumivu wakati wa kujaza, maji hurudishwa mara moja. Na kwa asiyetahiriwa, govi lililovutwa nyuma ili kusafisha lazima lirudishwe mbele, kwani likisahauliwa hukikaba kichwa cha uume, kikavimba na kukosa damu. Kosa hili ni dogo katika kulifanya, na madhara yake hayastahimiliki.

Mkojo ukishatoka, mgonjwa hushukuru, na wengi hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo huandikwa katika faili tarehe na saa, namba ya mpira, kiasi cha maji ya puto, kiasi cha mkojo na rangi yake. Na aliyetoa lita moja au zaidi hupimwa presha na kuangaliwa saa zinazofuata, kwa sababu figo zilizokuwa zimebanwa zikifunguliwa huweza kumwaga maji kupita kiasi. Mpira hufungwa kwenye paja usivutike. Zamani mkojo ulichirizika katika chupa iliyo wazi chini ya kitanda, na ndani ya siku nne karibu kila mgonjwa alikuwa na bakteria. Leo mpira na mfuko ni njia moja iliyofungwa, na kila inapochomolewa bila sababu, hata kwa sekunde chache, ile faida hupotea. Mfuko hukaa chini ya kibofu daima na haugusi sakafu, humwagwa ukifika theluthi mbili, kwa chombo cha mgonjwa huyo peke yake. Nimeona mara nyingi mgonjwa akipelekwa eksirei, na msukuma machela, kwa nia njema kabisa, akauweka mfuko juu ya tumbo lake usikanyagwe. Mkojo wa jana, uliokwisha kuota bakteria, hurudi kibofuni njia nzima. Hao wasukumao machela nao wafundishwe.

Wako wazee waendao nyumbani na mpira, wakingoja zamu ya upasuaji wa tezi, na kwa hao muuguzi ni yule binti au mke aliye nyumbani. Anachohitaji kukijua si kingi: kuosha mikono kabla na baada ya kuushika, kumwosha mgonjwa kwa sabuni na maji ya kawaida kila siku pasipo kutia dawa kali, kumnywesha maji ya kutosha ikiwa daktari hakumkataza, kuhakikisha mrija haukunjiki chini ya paja alalapo, na kuishika tarehe ya kubadilisha, ambayo kwa mpira wa lateksi haipiti wiki nne, na ule wa silikoni huweza kufika wiki kumi na mbili. Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, damu nyingi, au mfuko mkavu kwa saa kadhaa ilhali tumbo linafura, ni sababu za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mkojo kuwa na harufu, au kipimo kuonyesha bakteria kwa mtu asiyeumwa popote, si sababu ya kumeza antibayotiki, ambazo katika hali hiyo huwazoesha bakteria ukaidi tu.

Kwa wazee wengi wa pwani lipo swali lililotangulia hayo yote, nalo ni la sala. Na wako walioacha kusali kwa miezi kwa kudhani kwamba mpira umewatia najisi isiyo na dawa. Muuguzi si mufti, walakini ni vizuri ajue kwamba mafakihi wa Kishafii wamekwisha kueleza hukumu ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo: huyo ana udhuru, hujisafisha, akatawadha wakati wa sala ukishaingia, akasali pasipo kukawia, na kwa kila faradhi hutawadha upya. Mwenye kutaka ufafanuzi kuhusu mpira na mfuko na amwendee sheikh wake. Ila asiachwe aondoke wodini na huzuni hiyo moyoni pasipo mtu kumwambia kwamba liko la kuuliza na yuko wa kumjibu.

Na kwa wale ambao kibofu chao hakitapata nguvu tena, kama walioumia uti wa mgongo na watoto waliozaliwa na mgongo wazi, mpira wa kudumu si hatima ya lazima. Tangu mwaka 1972, Jack Lapides wa Marekani alipoonyesha kwamba mtu aweza kujipitishia mwenyewe mpira mwembamba usio na puto mara kadhaa kwa siku, kwa mikono iliyooshwa tu, na akautoa papo hapo, wengi wameepukana na mfuko. Akina mama wa watoto hao hapa Afrika Mashariki hufundishwa, nao hujifunza haraka kuliko wanavyodhaniwa.

Kwa waliolazwa, swali la pili na liulizwe kila asubuhi daktari apitapo: kwa nini mpira huu ungalipo? Asipopatikana mtu wa kujibu, utolewe. Maji ya puto huvutwa yote kwa bomba la sindano, bila kuukata mpira, kwa sababu mpira uliokatwa huweza kujificha ndani na puto lake; mgonjwa huvuta pumzi, na mpira hutoka kwa mvuto mmoja mpole. Haja ya kwanza huchoma kidogo, na mgonjwa aambiwe mapema asije akashtuka akajizuia. Saa yake huandikwa na kiasi chake hupimwa. Na zikipita saa sita hajapata kukojoa, muuguzi humpapasa tena chini ya kitovu.